Kilo Nne za Bi Mchoyo

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, mzee wangu," alisema Inspekta, na wote wawili walijua kwamba haitakuwa ya mwisho. "Sanduku lilipoingia ghalani, mshale wa mizani ulisema ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Nawe ukaandika ngapi ubavuni mwa sanduku?"

"Hamsini."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu lilikuwa na kilo hamsini."

Inspekta aliiweka kalamu mezani, akaitazama kama mtu amtazamavyo mbwa aliyemkataza kumfuata nyumbani. Mbele yake aliketi mtunza ghala, mzee mkavu aliyefunga vifungo vya shati hadi kooni. Mkanda wake ulikuwa umechukuliwa kwa mujibu wa taratibu za mahabusu, kwa hiyo kila alipojisogeza aliishika suruali kwa mkono mmoja, pasipo kupoteza hata chembe ya heshima yake.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Sanduku lenye pampu mpya ya kisima cha hospitali lilikuwa limetoka ghalani likiwa limepigiliwa misumari barabara. Fundi wa hospitali alipolifungua alikuta vipande vya zege na vyuma vyenye kutu, vimebanwa kwa magunia visigongane. Tangu hapo wauguzi walikuwa wakibeba maji kwa ndoo hadi wodi ya wazazi. Ghala lilikuwa na funguo mbili: moja kwa mtunza ghala, nyingine kwa Meneja. Meneja ndiye aliyeleta taarifa polisi, na katika pumzi ile ile akamleta na mtuhumiwa. Alasiri hiyo mzee angesomewa mashtaka ya wizi, na mtu wa umri wake akiingia gereza la mahabusu kungoja kesi, huenda asiisubiri hadi mwisho.

"Nieleze tena habari za mizani," alisema Inspekta. "Polepole, kama unavyomweleza mtoto."

"Ile tunaiita Bi Mchoyo, mwanangu. Inaning'inia langoni, ina uso mkubwa kama sinia. Springi yake imechoka na mshale umepinda, umeegemea kile kijiti cha sifuri. Ukiiona imetulia utadhani ni nzima. Kumbe kilo nne za kwanza anazila zote ndipo anaamka. Mpe kumi, atakwambia sita. Mpe hamsini, arobaini na sita."

"Na hamkuitengeneza."

"Tuliomba. Meneja wa kwanza akasema tungoje bajeti. Aliyemfuata akauliza, si mnaelewana naye? Basi, tukaelewana naye. Anachosema, sisi tunaongeza nne. Mchukuzi mgeni anafundishwa hilo kabla hajaonyeshwa choo."

"Na huyu Meneja wa sasa?"

"Huyu hajatimiza mwaka. Yeye ni mtu wa ofisi ya juu. Akishuka kwetu, anashuka na leso puani, kwa ajili ya vumbi."

"Siku sanduku lilipotoka, ulilipima wewe?"

"Asubuhi ile alinituma posta na bahasha. Bahasha tu, ya kuomba orodha ya bei. Niliporudi sanduku limeshakwenda. Dereva wa hospitali ndiye aliyeniambia Meneja alishuka mwenyewe, akalitundika, akamsomea: hamsini, kama lebo inavyosema."

Inspekta alijua hilo. Dereva alikuwa ameuona mshale kwa macho yake, umesimama juu ya hamsini kamili. Hapo ndipo kesi nzima ilipokuwa imening'inia. Ikiwa mizani ilikuwa nzima, sanduku la zege lilikuwa na kilo hamsini, na mzee huyu alikuwa mwongo mwenye ufunguo. Ikiwa mizani ilikula nne, sanduku lile lile lilikuwa na hamsini na nne. Na sanduku lilikuwapo, limepigiliwa upya na zege lake ndani, katika chumba cha vielelezo hatua chache kutoka pale. Ilibaki kulipima tu.

Kulipima tu. Inspekta alikuwa amejiambia maneno hayo tangu jana, na sasa alikuwa amechoka kuyasikia.

Kwanza alimtuma Koplo kumchukua Bi Mchoyo. Koplo alikuwa kijana mtiifu ambaye Mwenyezi Mungu alimjalia kila kitu isipokuwa mfuniko wa mdomo. Alipofika ghalani alimweleza Meneja, kwa adabu zote, kwamba mizani inatakiwa kituoni kwa kuwa inasemekana inakula kilo. Meneja akamwomba angoje kidogo atafute karatasi ya kusaini, akamkaribisha chai. Koplo alipomaliza chai, mizani ilikuwa kwa fundi. Inspekta mwenyewe alipoikimbilia, aliikuta imefumuliwa juu ya gazeti: springi katika beseni la mafuta ya taa, mshale umenyooshwa kwa nyundo, na fundi anafuta mikono kwa furaha ya mtu aliyelipwa kabla ya kazi.

"Nimeambiwa ni ya haraka," fundi alisema.

Basi wakalipeleka sanduku kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mizani yake ikasema arobaini na tano. Wakalipeleka kwa muuza mkaa, barabara ile ile, upande wa pili. Ikasema hamsini na tisa. Mnunuzi na muuzaji, kila mmoja alikuwa ameilea mizani yake iseme lenye manufaa nyumbani. Mwendesha mashtaka alipoelezwa hayo kwa simu alicheka hadi akakohoa, kisha akasema mashtaka yatasomwa kama yalivyopangwa. Ofisi ya vipimo nayo ilikuwa imefungwa: ofisa wake alikuwa ziarani na mizani yake kubwa. Karani aliyebaki aliweza kutoa mawe ya chuma tu, yenye mhuri wa serikali, tena si yote. Matatu ya kilo ishirini, na moja la kumi.

Ndipo Inspekta alipokubali jambo alilokuwa akilikwepa. Alikuwa na dada mmoja tu duniani, na siku nyingi aliona hata huyo amezidi. Dada huyo alifundisha fizikia katika shule ya sekondari.

*

"Umechelewa," alisema Dada Mwalimu bila kugeuka. Alikuwa amepanda kigoda, anafunga kamba juu ya ubao. "Nilikwambia kabla ya mapumziko. Sasa nimewatoa darasani watu wenye mtihani kwa ajili ya sanduku lako la takataka."

"Nilikuwa mahabusu, Dada."

"Ndiko kunakokufaa. Koplo, usiliburuze, sakafu hiyo imepigwa nta. Libebe. Una mikono ya nini?"

Koplo alilibeba. Nyuma yake aliingia Meneja, ambaye Inspekta alikuwa amemwalika kwa maandishi awe shahidi wa kipimo. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye tai iliyolala sawasawa. Alizitazama kamba, akayatazama mawe ya chuma, akatabasamu kama mzazi aliyeitwa kuona mchezo wa watoto wa chekechea.

"Inspekta, ndugu yangu, mimi ni mtu wa kazi. Kwa nini tusilipime tu?"

"Bi Mchoyo yuko kwa fundi," alisema Inspekta. "Ulimpeleka wewe."

"Nani?"

"Mizani yako ya langoni. Nieleze jambo moja kabla hatujaanza. Mizani ile ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa. Haijapata kudanganya. Huyo mzee anatafuta pa kushika tu, kama mtu anayezama."

"Mshale ukisema thelathini, wewe unaandika ngapi?"

"Thelathini. Mimi siongezi, sipunguzi. Ndivyo nilivyolelewa."

"Malezi mema. Koplo, andika hilo, na bwana atie sahihi."

Meneja alitia sahihi kwa madaha. Wachukuzi wa ghala wote, walipoulizwa swali lile jana, kila mmoja peke yake, walikuwa wamejibu thelathini na nne, na mmoja alimuuliza Inspekta kama ni mgeni mjini.

Dada Mwalimu alishuka kigodani, akashika chaki. "Sikilizeni, maana sirudii. Juu kuna boriti. Kwenye boriti nimefunga roda mbili, mbalimbali: haya magurudumu madogo yenye mfereji, kamba ipite juu yake. Kamba ya kushoto ina mawe ya kilo thelathini upande wa nje. Ya kulia ina arobaini. Ncha zao za ndani zinakutana hapa mbele ya ubao kwa fundo moja, na chini ya fundo tunatundika sanduku. Thelathini inavuta kwake, arobaini inavuta kwake, sanduku linavuta chini. Likitulia, maana yake wale wawili kwa pamoja wanatosha kulishika, hawazidi wala hawapungui."

"Thelathini na arobaini ni sabini," alisema Meneja. "Kwa hiyo sanduku ni sabini?"

Dada Mwalimu alimtazama kwa muda ambao wanafunzi wake waliufahamu vizuri. "Wewe na mkeo mkisukuma gari, mmoja akasukuma mbele na mwingine ubavuni, gari litakwenda kwa nguvu zenu zote mbili?"

"Hapana."

"Basi umejua. Nguvu haijumlishwi kama maembe. Inajumlishwa pamoja na upande inakoelekea. Wavutaji wakivuta karibu upande mmoja, jumla ni kubwa. Wakitanuka, inapungua. Pembe iliyo kati ya kamba ndiyo itakayosema. Tena nawarahisishia: thelathini na arobaini zikikutana kwa pembe mraba, kama kona ya kitabu, jumla yake ni hamsini kamili. Sanduku likiwa zito zaidi, litazivuta kamba zikaribiane, na kona itakuwa kali kuliko hiyo."

"Si ungetengeneza mizani ya mikono miwili tu?" aliuliza Inspekta.

"Kwa mawe haya? Ingekwambia limezidi hamsini au halikuzidi, basi. Unataka kilo, au unataka uvumi?"

Inspekta alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa amejifunza kutobishana na mtu huyu kabla hajajifunza kusoma.

Koplo aliliinua sanduku, akalitundika, akaachia taratibu. Kamba zililia, roda zikakwaruza, sanduku likasimama. Dada Mwalimu alifuata kila kamba kwa chaki juu ya ubao, akaweka alama penye fundo, kisha akaleta kona ya mbao na kuibandika kati ya mistari miwili.

Ilikaa sawasawa.

"Pembe mraba," alisema Koplo kwa sauti ndogo.

"Hamsini," alisema Meneja, na leso ikatoka mfukoni kwa ajili ya uso wala si vumbi. "Nilisema nini? Mwalimu, hongera sana. Sayansi ni kitu kizuri. Inspekta, nina mkutano."

Inspekta alitazama ubao. Alimkumbuka mzee ameshika suruali kwa mkono mmoja, akasema kwa ukali zaidi kuliko alivyokusudia, "Dada, umehakikisha?"

"Nimesema nimemaliza?"

Alipima sentimita thelathini kwenye mstari wa kushoto, kuanzia penye fundo, na arobaini kwenye mstari wa kulia, kila kilo kwa sentimita yake. Akachora mistari miwili mingine sambamba na ile, hadi umbo likafunga pande zake nne. Kisha akavuta ulalo, toka penye fundo hadi kona ya juu. Ulikuwa sentimita hamsini, kama ilivyopasa. Lakini alipotundika kando yake uzi wa timazi, wenye kijiwe kinachouvuta wima, uzi ulikwenda njia yake na ulalo njia yake.

"Mnaona? Sanduku linavuta chini wima. Kinacholishikilia lazima kisimame wima. Ulalo huu umelewa, umeegemea kushoto. Maana yake mmoja kati ya wavutaji anasema uongo."

"Mwalimu, tusianze kutafuta sababu," alisema Meneja.

"Ukiegemea meza yangu, ondoa kiwiko kwenye madaftari." Alilisukuma sanduku chini kidogo kwa kiganja, akaliachia. Likakaa pale pale lilipoachwa. Akaliinua kidogo, likakaa pale pia. "Sanduku lenye adabu hurudi mahali pake. Hili linakaa popote linapowekwa, kama mgeni wa siku nyingi. Roda zina kutu. Zinaishika kamba, nasi tunasoma kutu badala ya uzito. Mdogo wangu, roda hizi umezitoa wapi?"

Inspekta alimtazama Koplo.

"Chumba cha vielelezo," alisema Koplo. "Za ile kesi ya zamani, ya kisima kingine."

"Kesi hiyo ilikwisha kabla hujaajiriwa," alisema Inspekta huku amebana meno. "Nenda kwa dereva wa shule, lete grisi. Wala usimweleze mtu yeyote grisi ni ya nini."

Koplo alirudi na grisi hadi viwikoni. Walishusha kila kitu, wakasugua roda kwa msasa, wakazipaka, wakazizungusha mpaka zikawa hazitoi sauti. Meneja alitazama saa yake, akatazama mlango. Inspekta alikuwa amevuta kiti na kuketi mbele ya mlango huo, miguu ameinyoosha.

Sanduku likatundikwa mara ya pili. Safari hii halikusita: lilishuka polepole, likavuta kamba zikaribiane, likapepea kidogo, likatulia. Dada Mwalimu alilisukuma chini. Likarudi. Akaliinua. Likarudi pale pale. Hapo tu ndipo alipochukua chaki.

Kona ya mbao haikuingia tena kati ya mistari. Alileta kipimapembe kikubwa cha darasani. "Nyuzi themanini." Akapima thelathini kushoto, arobaini kulia, akafunga umbo, akavuta ulalo. Ukalala juu ya uzi wa timazi kama uzi na kivuli chake. Akaweka rula, akainama, akavaa miwani, akainama tena.

"Soma wewe," alimwambia Inspekta. "Wewe ndiye uliyekula kiapo."

"Hamsini na nne."

"Bado. Badilisheni mawe, arobaini ije kushoto. Nisije nikaambiwa boriti inapendelea."

Wakabadilisha. Umbo lilichorwa upya kwa chaki nyingine, limeinamia upande wa pili. Ulalo ulisimama wima, na rula ikasema hamsini na nne, pungufu ya unywele.

Boriti ililalamika kidogo.

"Haya," alisema Meneja hatimaye. "Basi mizani ilikuwa mbovu. Mimi ni mgeni pale, ningejuaje?"

"Hapo umelisema vizuri kuliko nilivyokusudia kulisema," alijibu Inspekta, wala hakuinuka kitini. "Jana uliipeleka mizani kwa fundi. Leo umetia sahihi kwamba ni nzima. Kisichougua hakipelekwi hospitali."

"Kilo nne, Inspekta. Unamsumbua mtu kwa kilo nne?"

"Aliyejaza zege hakujaza kwa kukisia. Aliongeza kipande baada ya kipande huku anautazama mshale wa langoni, na lebo ilisema hamsini. Funguo za ghala zilikuwa mbili. Mmoja wa wenye funguo akiona hamsini, husoma hamsini na nne. Mwingine akiona hamsini, huacha kutia mawe."

Meneja alipitisha kidole kati ya shingo na tai. "Mzee huyo ni mjanja. Labda alijaza hivyo makusudi, ili mimi nione hamsini."

"Hakujua kwamba utapima wewe. Tangu ulipokuja hujapata kupima hata kifurushi. Angetazamia kupima mwenyewe mbele ya wachukuzi wake, na wangeliona hamsini wakasema hamsini na nne, na sanduku lingefunguliwa papo hapo. Ndiyo maana asubuhi ile ilibidi aende posta na bahasha ya orodha ya bei."

Dada Mwalimu alikuwa akipangusa vidole kimoja kimoja. "Ningekuwa na mwanafunzi aliyepima kwa chombo bila kukitazama sifuri yake," alisema, "ningemrudisha kidato cha kwanza."

"Pampu iko wapi?" aliuliza Inspekta.

Meneja aliyatazama yale maumbo mawili ubaoni, moja limeinamia huku na moja kule, na yote mawili yamesimama kwenye mstari mmoja. Alitafuta kiti. Kilichokuwapo kilikuwa cha Inspekta.

"Kwa shemeji," alisema. "Shambani. Imeshafungwa."

"Inatoa maji?"

"Inatoa."

"Basi wauguzi watapumzisha ndoo zao," alisema Dada Mwalimu. "Koplo, shusha sanduku. Na wewe, mdogo wangu, nani atakuja kuuangalia ubao huu? Nina darasa."

"Hakimu, Dada. Usiufute."

"Mpaka lini?"

"Sijui, Dada."

"Hujui," alisema, akachukua chaki na kuandika chini ya ulalo, kwa herufi kubwa, USIFUTE, kisha akaongeza jina la cheo cha mdogo wake ili lawama zijue pa kwenda.

*

Mwendesha mashtaka hakucheka mara hii. Alitaka kuelezwa habari za ulalo mara mbili, akaguna, akasema shauri la mzee liondolewe kabla halijasomwa. Inspekta alikwenda mwenyewe mahabusu, ufunguo mkono mmoja na mkanda wa suruali mkono wa pili.

Mtunza ghala aliinuka, akashika suruali. "Lilikuja ngapi?"

"Hamsini na nne."

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Jifunge mkanda, mzee wangu. Uko huru."

Mzee alijifunga, tundu kwa tundu, bila haraka. Alifika mlangoni, akasita. Inspekta alidhani anatafuta neno la shukrani, akajiandaa kulipokea kwa unyenyekevu.

"Na Bi Mchoyo yuko wapi?"

"Kwa fundi. Amefumuliwa. Mshale wake umenyooshwa."

"Umenyooshwa?" Mzee aliketi tena juu ya kitanda cha mahabusu, mikono magotini. "Sasa wachukuzi wangu wataongeza nne juu ya haki. Kila kitakachotoka kesho kitakuwa kimezidi. Mwanangu, huwezi kumpigia fundi simu, aukunje tena kidogo?"

Inspekta aliufungua mlango hadi mwisho wa bawaba zake.

"Toka, mzee," alisema. "Toka kabla sijapata shtaka jipya."